Serikali Mbili, Uwanja Mmoja

Ingia shule ya msingi ya umma hapa Kenya, na mara nyingi utakuta darasa la chekechea pembeni mwa uwanja. Mwalimu wa chekechea ni wa serikali ya kaunti. Jirani yake wa darasa la kwanza ameajiriwa na TSC, tume ya kitaifa. Ndivyo Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilivyogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti 47.

Zahanati, soko, uzoaji taka, leseni za baa: hayo muulize gavana. Polisi, jeshi, vyuo vikuu na hospitali ya Kenyatta ni vya serikali ya kitaifa. Na gavana si waziri. Amechaguliwa na wananchi, Rais hawezi kumfuta kazi.

Patashika iko kwenye fedha. Kaunti lazima zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Ila, sikiliza vizuri, kiwango hicho hupimwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa, hutumika hesabu za miaka ya nyuma, mapato yalipokuwa madogo. Si ajabu Seneti, mtetezi wa kaunti, huvutana na Bunge hilo.

Barabara yenu ina mashimo? Ulizeni kwanza ni ya nani. Barabara kuu ni za taifa. Za kaunti, pelekeni malalamiko kwa mwakilishi wadi wenu.