Maziwa, Maji na Mafuta: Kila Kipimo na Swali Lake



Anayenunua maziwa hununua kwa imani. Maziwa ya ng'ombe, kwa wastani, ni maji kwa takriban asilimia 87. Sehemu iliyobaki ni mafuta, protini, madini na sukari iitwayo laktosi. Kwa kuwa maji ni mengi kiasi hicho tangu kwenye kiwele, yakiongezwa kidogo jicho halitambui. Hata hivyo, mtoto anayenyweshwa maziwa hayo hupunjwa lishe kila siku, ilhali mzazi wake hulipa bei ile ile.

Tatizo hili si geni. Katika miaka ya 1880, viwanda vingi vya siagi na jibini katika jimbo la Wisconsin, Marekani, viliwalipa wafugaji kwa uzito wa maziwa peke yake. Aliyeengua malai au kuongeza maji alilipwa sawa na aliyeleta maziwa halisi. Kwa maneno mengine, mwaminifu alimlipia mdanganyifu. Njia za kikemia za kupima mafuta zilikuwepo, lakini zilihitaji maabara, mtaalamu na muda mrefu.

Mkemia Stephen Babcock, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alitafuta kipimo ambacho mtu wa kawaida kiwandani angeweza kukitumia. Mwaka 1890 alikitangaza. Mililita 17.6 za maziwa hutiwa katika chupa yenye shingo nyembamba, kisha huongezwa asidi kali ya salfa. Asidi huyeyusha protini na kuyaachia mafuta. Chupa huzungushwa kwa kasi katika mashine, huongezwa maji ya moto, na mafuta hupanda shingoni, ambako alama zilizochorwa huonyesha asilimia yake. Mfugaji aliweza kusimama kando na kuisoma hesabu yake mwenyewe. Babcock hakuikatia hataza njia hiyo. Aliiacha itumiwe na kila mtu bila malipo.

Kwa nini mafuta yapimwe, ilhali laktomita ipo? Laktomita huelea ndani ya maziwa na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na ujazo. Maziwa halisi aghalabu huwa karibu na gramu 1.030 kwa mililita. Maji yakiongezwa, kipimo hushuka. Lakini mafuta ni mepesi kuliko maji. Malai yakienguliwa, kipimo hupanda. Mjanja anayeengua malai kisha akaongeza maji kwa kadiri anaweza kukirudisha kipimo palepale kilipokuwa. Laktomita haikusema uongo. Imejibu swali la uzito, haikuulizwa habari za mafuta. Ndiyo maana viwanda vya maziwa hapa Afrika Mashariki hutumia pia kipimo cha mafuta, hasa kile cha Mswisi Niklaus Gerber, kilichobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kinachofuata msingi huo huo wa asidi na mzunguko.

Kutokana na hayo, tunawashauri yafuatayo.

Kwanza, muuzaji akikuonyesha laktomita, shukuru, kisha uliza kama mafuta nayo yamepimwa katika kituo alikochukua maziwa. Ni haki yako kuuliza.

Pili, usimhukumu muuzaji kwa tone lililodondoshwa ukuchani wala kwa unene wa utando wa malai. Maziwa ya ng'ombe wa Friesian kwa kawaida yana mafuta machache kuliko ya Jersey, na malisho nayo hubadilisha kiasi hicho. Maziwa ya pakiti, ambayo mafuta yake yamesagwa kiwandani yakawa chembe ndogo sana, hayatoi malai kama yale mabichi. Tuhuma isiyo na kipimo humwondolea riziki mtu asiye na hatia.

Tatu, chemsha maziwa mabichi, hata kama vipimo vyote viwili ni vizuri. Laktomita haioni vijidudu, na kipimo cha mafuta hakivioni pia. Maji yaliyoongezwa yakiwa machafu, hasara ya mfukoni hugeuka ugonjwa nyumbani.

Nne, kwenye pakiti soma tarehe ya mwisho wa matumizi, kiasi cha mafuta na alama ya ubora. Ukiwa na shaka, tunza pakiti na risiti, kisha toa taarifa katika ofisi ya mamlaka iliyo karibu nawe, ili sampuli ichukuliwe na kupimwa.

Ndugu watumiaji, kipimo cha Babcock kilileta haki kwa sababu pande mbili ziliweza kukisoma pamoja. Nasi kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mnunuzi na muuzaji wa maziwa wanasoma alama zile zile. Kazi hiyo haitimii pasipo mnunuzi anayeuliza.