AJALI HAINA KINGA, LAKINI UZEMBE UNAYO

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Hapana shaka wengi wenu mlitazamia tuzungumze juu ya mishahara na vyeo, kama ilivyo desturi ya mikutano yetu. Lakini mshahara hupokewa na mtu aliye hai. Kwa hiyo twaomba ruhusa tuseme habari ya safari ya kutoka nyumbani hadi ofisini, ambayo wengi wetu huifanya kwa baiskeli.

Mwaka uliopita mwenzetu mmoja, karani, alikuwa akirudi nyumbani baada ya kazi. Jua lilikuwa halijachwa, naye alikuwa upande wake wa kushoto, ukingoni mwa barabara. Gari la abiria lililokuwa likitaka kulipita lori lilimsukuma hadi mtaroni, likamvunja mguu mahali pawili. Dereva alifikishwa barazani, akakiri kosa la kuendesha bila uangalifu, akalipa faini, akaenda zake. Siku ya tatu tulimwona njiani na gari lile lile. Mwenzetu alikaa miezi minne asiweze kukanyaga chini.

Tulipokwenda kumpa pole, mgeni mmoja aliinuka kuaga akasema, "Ndiyo hivyo, ajali haina kinga." Wote tuliitikia kwa vichwa. Lakini tulipokuwa njiani kurudi, neno lile lilitusumbua. Wazee waliotuachia methali hii walitumia neno ajali kwa maana ya siku ya mwisho aliyoandikiwa mtu, ambayo hapana awezaye kuikwepa. Hawakuwa wakisema habari ya dereva anayelipita lori bila kutazama mbele. Jambo hilo linayo kinga, na kinga yake ni breki, subira na sheria.

Sisi makarani tumezoea hesabu, basi na tuhesabu. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho unaoruhusiwa na sheria ya Tanzania mahali penye makazi ya watu, hupita karibu meta 14 kwa kila sekunde moja. Liendalo kilometa 80 hupita meta 22. Dereva akiinamia simu yake kwa sekunde mbili tu katika mwendo huo, amekwenda meta 44 kama kipofu. Tena, mwendo ukiongezwa mara mbili, urefu wa njia inayohitajiwa ili breki zisimamishe gari huongezeka mara nne. Dereva hushindana na hesabu hii akiwa ndani ya chuma, lakini mpanda baiskeli hana ila shati lake.

Labda mtauliza, mbona adhabu zimekuwa nyepesi? Tazameni habari za Uingereza, ambako sheria zetu nyingi za barabara zilitoka. Mwezi wa Agosti 1896 mwanamke mmoja, Bridget Driscoll, aligongwa na motokaa huko London akafa, na baraza la uchunguzi likaamua kwamba kifo kile kilikuwa cha bahati mbaya. Miaka mingi baadaye, wazee wa baraza waliokaa kusikiliza kesi za madereva waliona uzito kuwatia hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia, kwani kila mwenye gari aliona kwamba angeweza kusimama yeye mwenyewe kizimbani. Ndipo mwaka 1956 likawekwa kosa la peke yake, la kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari. Mwaka 2008 likaongezwa la kusababisha kifo kwa kukosa uangalifu, kifungo chake kikiwa hadi miaka 5. Na mwaka 2022 adhabu ya juu ya lile la kwanza ikapandishwa hadi kifungo cha maisha. Tangu kifo cha yule mama ilipita zaidi ya karne moja.

Uholanzi walichoka upesi zaidi. Mwaka 1971 barabara zao ziliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi walitoka njiani wakapiga kelele, na Serikali ikasikia. Njia za baiskeli zilitengwa na njia za magari, mwendo ukapunguzwa mitaani, na kwa sheria yao mwenye gari lililomgonga mpanda baiskeli hudaiwa fidia, isipokuwa aonyeshe kwamba jambo lile halikuweza kuepukwa. Kufikia mwaka 2014 vifo vyao vya barabarani vilikuwa chini ya 700 kwa mwaka.

Kwetu sheria hazikosekani. Kenya, kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki chaweza kumfunga hadi miaka 10 aliyesababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari. Tanzania inayo Sheria ya Usalama Barabarani tangu mwaka 1973. Pia mahakama inao uwezo wa kumnyang'anya dereva leseni. Lakini uwezo usiotumika ni kama panga lililotundikwa ukutani. Faini ndogo haimfundishi dereva kuogopa, humfundisha bei. Akiisha kuijua, huihesabu pamoja na mafuta na matairi.

Hatusemi kwamba sisi hatuna lawama. Wapo kati yetu waendao usiku bila taa, na wapo wanaokata barabara ghafula bila kutoa ishara ya mkono. Mwenye kudai haki yake yampasa kwanza atengeneze breki zake. Lakini kosa la mpanda baiskeli kwa kawaida humwumiza yeye mwenyewe, na kosa la dereva humwumiza mwingine. Makosa haya mawili hayawezi kupimwa kwa kibaba kimoja.

Basi twaleta mbele yenu mambo matatu. Kwanza, sisi tuandikao taarifa na majalada tuache kuandika "ajali ilitokea", kana kwamba ilishuka kutoka mawinguni. Tuandike nani alimgonga nani, mahali gani, na kwa mwendo gani kama umejulikana. Pili, wanachama wetu waendeshao magari ya Serikali wawe wa kwanza kumpa mpanda baiskeli nafasi ya kutosha, hata kama bwana mkubwa aliyeketi nyuma anahimiza. Tatu, chama chetu kiandike barua kwa wakubwa wanaohusika, kwa adabu lakini kwa maneno yaliyo wazi, kuomba kwamba dereva aliyemjeruhi au kumwua mtu kwa uzembe aondolewe leseni kwa muda, wala asiachiliwe kwa faini peke yake.

Mwenzetu yule yu pamoja nasi jioni hii, ameketi karibu na mlango, na fimbo yake i kando. Baiskeli yake ilitengenezwa, lakini hajaipanda tena. Twaomba tusimpe pole nyingine kabla ya kuiandika barua ile.