Gunia la Alizeti na Wingi wa Nomino: Kutoka Kiomboi hadi Darasa la Kiingereza

Huko Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba mkoani Singida, alizeti haiuzwi kwa kuhesabu punje. Kinachohesabiwa ni kipimo: gunia moja, magunia mawili. Nomino alizeti haibadiliki umbo. Mafuta yanayokamuliwa humo nayo hayana umoja. Hata yakiwa tone moja, husemwa "mafuta haya", kwa upatanisho wa ngeli ya 6.

Mtoto wa Kiomboi aghalabu hukua na Kinyiramba, akafundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari akakabiliwa na Kiingereza. Akiandika "informations" au "furnitures", huhesabiwa mzembe. Sarufi inaonyesha vinginevyo. Katika Kiswahili, "habari hizi ni nyingi" na "samani hizi" ni tungo sahihi, na wingi wake hubebwa na viambishi vya upatanisho. Kwa kuwa Kiingereza huonyesha wingi hasa kwa kiishio cha nomino, mwanafunzi huuhamishia huko. Hakukosa kanuni; ametumia kanuni ya lugha nyingine. Kiingereza huzichukulia habari na samani kama alizeti gulioni: jina halibadiliki, huhesabiwa kipimo. Neno "piece" ndilo gunia lake. Hilo ndilo hupokea wingi.

Nomino ambatani nazo zina mifano ya nyumbani. "Passer-by" huwa "passers-by", kama mpitanjia anavyokuwa wapitanjia: wingi hukaa penye neno kuu. "Woman doctor" huwa "women doctors", sehemu zote mbili zikibadilika, kama mwanamke na wanawake, mjamzito na wajawazito.

Hata hivyo, ulinganisho huu una mpaka. Mwenyekiti huwa wenyeviti, ilhali mwanakijiji kwa kawaida huwa wanakijiji. Kanuni moja haitoshi kuyaeleza maneno hayo mawili. Mazoea ya wasemaji nayo yana sauti. Mwanafunzi anayelitambua hilo katika lugha yake hatashangaa kulikuta katika Kiingereza.

Kwa hiyo, kosa la wingi lisiishie kupigiwa mstari mwekundu. Lina asili, na asili hiyo yaelezeka. Mwalimu wa Kiingereza asiyezijua ngeli za Kiswahili huona kosa tu. Anayezijua huona mahali pa kuanzia somo.