Gundi ya kufunga kidonda kwa mwanga

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia)

Mliniuliza: ni kweli siku hizi kidonda hakishonwi, kinamulikwa tu na taa? Ni kweli nusu.

Daktari Pedro del Nido wa Boston, Marekani, hupasua watoto wenye shimo kwenye moyo. Sasa fikirieni moyo wa mtoto mchanga: ni mdogo, nyama yake ni laini, na sindano yenyewe yaweza kuipasua. Gundi za zamani nazo zilisombwa na damu. Basi Jeffrey Karp na wenzake wakatazama konokono wasio na nyumba, wale wa kwenye sukuma. Ute wao hukwama hata mahali penye maji. Wakaunda gundi nzito kama asali, isiyochanganyika na maji. Unaipaka, unaimulika kwa mwanga wa urujuanimno, na kwa sekunde chache inashika, lakini inabaki ikivutika kama mpira. Mwaka 2014 walitangaza kwamba ilishika kwenye moyo wa nguruwe ukiwa unapiga. Faida ya mwanga ni hiyo: gundi haikauki mpaka daktari aiweke anapotaka.

Mwaka 2017 kampuni ya Gecko Biomedical ya Paris ilipata kibali cha Ulaya cha kuziba mishipa ya damu kwa gundi hiyo. Lakini sikilizeni vizuri: hutumika pamoja na nyuzi, si badala yake. Mwaka 2025 ndipo Marekani ilipokubali nyingine ya kampuni hiyo, sasa ikiitwa Tissium, iunganishe mishipa ya fahamu iliyokatika bila kushona.

Kwa hivyo ukikatwa na panga leo, utashonwa. Kuna pia gundi ya hospitali ya ngozi, isiyohitaji taa, kwa mikato midogo iliyonyooka. Si ile supaglu ya dukani! Hiyo hutoa joto, huwasha nyama, na si safi. Wengine wanaimwaga kwenye kidonda kirefu ili waokoe nauli. Juu pamefunga, ndani uchafu umefungiwa. Mimi hilo silikubali hata kidogo.

Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuchungulia kila mara. Ikiisha, osha kwa maji safi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje kesho kwa sababu nyama imeacha kuuma. Uliza chanjo ya pepopunda, hasa kama jembe lilikuwa na mchanga au mbolea.

Na akiumwa na mbwa, hapo mambo ni tofauti: usikimbilie kufunga jeraha. Osha kwa sabuni na maji mengi dakika 15, halafu mkimbize akapate chanjo ya kichaa cha mbwa. Haya, maswali. Tuanze na huyo mama wa nyuma.