Hotuba Juu ya Kuwafundisha Vijana Waimbaji

Ndugu zetu Wakristo wa Mafia, nanyi walimu,

Katika jubilei hii twamshukuru Mungu kwa mengi, lakini leo twanena juu ya jambo moja tu: kuwafundisha vijana waimbaji wakati wa likizo ya mwezi wa Juni. Kanisa letu kisiwani ni dogo. Kijana mmoja ajuaye nyimbo akivuka bahari kwenda Nyamisati kutafuta kazi, nyimbo zimekwenda naye. Waliobaki hukumbuka nusu, na nusu hubuni.

Kwa hiyo yafaa kila mwimbaji ajue kusoma sauti, asizishike kwa sikio tu. Njia ya do, re, mi ni nyepesi. Sarah Glover wa Norwich aliianza, na mchungaji John Curwen akaieneza Uingereza tangu miaka ya 1840. Haitaki kinanda, yataka ubao, chaki na subira.

Mtazameni Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini. Mwaka 1897 alitunga wimbo wa kuiombea Afrika, na nyimbo zake aliziandika kwa alama hizo katika daftari. Alifariki mwaka 1905. Lakini mwaka 1961 sauti ya wimbo ule ikawa ya wimbo wa taifa la Tanganyika, nasi hata leo twaiimba kwa Kiswahili. Mwalimu alikwenda, wimbo ukabaki.

Jambo la pili ni neno lenyewe. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo ukihamishwa, maana yaweza kugeuka: barabára ni njia, bali barábara ni sawasawa. Nyimbo nyingi tulizoletewa zilitungwa kwa lugha za Ulaya, na maneno yetu yakabanwa ndani yake. Basi vijana na wasome maneno kwanza kama wasemavyo nyumbani, ndipo waimbe. Na wenye kipaji wafundishwe kutunga sauti inayolifuata neno. Jirani zetu Waislamu humkalisha mtoto chuoni kusoma Kurani mpaka kila herufi itoke mahali pake. Je, sisi tutaridhika na sifa za Mungu zilizopotoka kinywani?

Walimu, chagueni vijana wawili au watatu katika kila kigango. Msimngojee mgeni kutoka bara, maana mwezi wa Juni kusi huvuma na safari ni ngumu. Wazazi, wapeni ruhusa siku chache, waache jembe na nyavu. Nanyi vijana, kila mmoja amfundishe mwenziwe kabla hajaondoka kisiwani.

Mungu awabariki. Amina.