UNAONA NINI?

Somo: Yeremia 1:4–13



Yeremia alipoitwa alijitetea kwamba yeye ni mtoto, hajui kusema. Mungu alitia maneno yake kinywani mwake. Kisha alimwuliza anaona nini. Kijana akataja kilichokuwa mbele yake: ufito wa mlozi, kisha chungu kinachochemka. Kwa vitu hivyo akafundishwa kazi yake.

Nalikumbuka neno hili nilipokuwa mwalimu Hadado, magharibi ya Wajir. Niliwapa wanafunzi insha, "Nikiwa Mkubwa". Madaftari yakarudi yamejaa marubani na mawaziri, kwa maneno yaleyale niliyoandika ubaoni.

Juma lililofuata nikasema, "Andikeni juu ya siku moja kisimani. Nani alikuwapo? Mikono yako ilifanya nini? Ulimhurumia nani?" Wale ni wana wa wafugaji wa Kisomali, ambao huimba wakinywesha ngamia, maneno hayakuwapungukia. Mvulana mmoja, ambaye hakuwa akijibu swali darasani, aliandika jinsi alivyokesha na ngamia mgonjwa wakati wa ukame, hata akafa alfajiri. Mwishoni aliandika kwamba alitaka kujua amekufa kwa nini.

Nikamwambia wako watu wanaosomea jambo hilo, ndio madaktari wa mifugo. Akanitazama sana. "Mwalimu, kumbe swali langu ni kazi?"

Usiku ule niliandika insha hiyo mimi mwenyewe. Mezani palikuwa na barua yangu ya kuomba uhamisho: joto, upweke, kanisa liko mbali. Lakini nilipoandika nilichokiona siku ile, nilimwona yule kijana. Barua sikuipeleka.

Sisemi kila aondokaye amekosa. Mwaka 2020 walimu wengi wa kutoka bara waliondolewa kaskazini mashariki kwa sababu ya mashambulizi, na Mungu anaijua mioyo yao. Nasema tu kwamba wito hauanzi mbali. Huanzia pale macho yako yalipo leo.

Ndugu mzazi, nawe mwalimu wa Shule ya Jumapili, usimwulize mtoto atakuwa nani tu. Mpe karatasi, mwulize anaona nini, kisha usome kwa subira aliyoandika.

Tuombe. Bwana, utufumbue macho tuone ulichotuwekea mbele yetu, na utupe ujasiri wa kukitaja. Amina.