Waliosimama Sokoni hadi Saa Kumi na Moja

Dominika ya 25 ya Mwaka A



Injili ya Dominika hii, katika sura ya 20 ya Mtakatifu Mathayo, yatupeleka sokoni. Mwenye shamba la mizabibu atoka alfajiri kutafuta vibarua. Atoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Sisi tusemao Kiswahili tuna bahati. Mataifa mengine hulazimika kufafanuliwa saa hizo, lakini jua la Injili na jua la Mbagala huhesabiwa namna moja. Saa kumi na moja daladala zimejaa, watu wanarudi makwao, na aliyekosa kibarua amekwisha kujua kwamba leo atarudi mikono mitupu. Mwenye shamba awauliza hao wa mwisho sababu ya kusimama kutwa nzima bila kazi, nao wanamjibu kwamba hawakupata mtu wa kuwaajiri.

Mahubiri mengi juu ya somo hili hukimbilia kwenye dinari na manung'uniko ya jioni. Mimi leo napenda tubaki kidogo pale sokoni, pamoja na wanaongoja. Maana wapo wanaongoja kati yetu ambao si rahisi kuwatambua, kwa sababu wamevaa nadhifu na mkononi wameshika chaki.

Katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke, toka Bunju na Tegeta hadi Mbagala, zipo shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza, na baadhi yake zimeajiri walimu kutoka Kenya na Uganda. Watoto wetu wanawapenda. Wachache kati yetu twajua wanavyoishi. Kadiri ya Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni, mgeni hana ruhusa ya kufanya kazi bila kibali cha Kamishna wa Kazi. Na juu ya hicho yampasa kupata kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Mwajiri hana budi kuonyesha kwamba hakupata Mtanzania mwenye ujuzi huo. Vibali hivyo vina mwisho wake, navyo hutolewa kwa ajili ya mwajiri fulani na kazi fulani. Mwalimu akiacha shule, au shule ikimwacha, karatasi aliyo nayo haimlindi tena.

Kuna wasikilizaji watakaosema: Je, si tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki? Ni kweli. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Hata hivyo kila nchi ilitaja aina za kazi inazozifungulia, na kibali hakikufutwa.

Silaumu sheria. Dola ina haki ya kujua nani anaingia na nani anafanya kazi, na kijana wa Kitanzania aliyehitimu ualimu, akabaki barazani miaka mitatu, naye ni mtoto wa Mungu anayengoja sokoni. Wala sina neno na karani wa dirishani, mwenye rundo la majalada mbele yake. Hapa Kurasini ofisi ya Uhamiaji na Sekretarieti ya Baraza la Maaskofu ni majirani, na wamisionari wetu, mapadre na masista, nao huishi kwa kibali. Foleni ile twaijua.

Nazungumza juu ya dhambi inayojificha nyuma ya foleni. Tuseme kibali cha mwalimu kinakwisha Desemba. Mwenye shule anajua tangu Julai. Anaahirisha ombi kwa sababu kuna ada ya kulipa, na kwa sababu mtu mwenye hofu hadai. Pasi ya kusafiria ya mwalimu imefungiwa kabatini “kwa usalama”. Mshahara wa Oktoba haujatoka. Mwalimu aende kwa nani? Akishtaki, ataulizwa karatasi. Akinyamaza, mwenye nyumba anangoja kodi ya miezi sita. Ndipo anapotokea kishoka, anayeahidi muhuri wa haraka kwa fedha taslimu, na mtu aliyekuja kwa njia halali anajikuta na muhuri wa bandia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu tumempa jembe, amelima, mazao tumekula, halafu tunalificha jembe na kumwuliza mbona hana kazi.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, chakataza kumwonea kibarua maskini, awe ndugu yako au mgeni, na chaagiza ujira wake alipwe siku ileile kabla jua halijatua, kwa kuwa moyo wake unautegemea. Angalieni kwamba Torati haikutofautisha mwenyeji na mgeni penye ujira. Deni la mshahara ni deni, hata kama kibali kimekwisha jana.

Jambo hili tunalielewa vema linapotugusa sisi. Mabinti zetu wengi wamekwenda Oman kufanya kazi za ndani, na mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi baadhi yao walivyonyang'anywa pasi na kunyimwa mishahara, wakiwa chini ya utaratibu unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Tuliposikia tulikasirika, na tulikuwa na haki. Lakini kabati lenye pasi ya mtu mwingine ni lilelile, liwe Muscat au Tegeta.

Na taifa letu linajua kufanya vizuri zaidi. Waburundi waliokimbia mwaka 1972 walikaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu zaidi ya miaka thelathini. Wapatao 162,000 walikubaliwa uraia mwaka 2010, wakangoja tena hadi vyeti vilipoanza kutolewa mwaka 2014. Ukarimu ule ulikuwa mkubwa. Ile miaka minne ya kati, ambapo mtu hakuwa tena mkimbizi wala hakuwa bado raia mwenye cheti, nayo ilikuwa mizito.

Kwa hiyo, ninyi mnaoendesha shule, na zaidi zile zenye jina la mtakatifu mlangoni, kesho Jumatatu fungueni makabati. Mrudishieni mwalimu pasi yake. Tazameni tarehe ya kibali, na ombi lipelekwe mapema, naye apewe nakala na stakabadhi. Ninyi mnaongoja, epukeni vishoka, na msiseme uongo katika fomu. Na ninyi wa jumuiya ndogondogo, mwalimu huyo akikosa kuonekana sala ya Jumamosi, mtu aende akabishe hodi, na asiende mikono mitupu.